Bomba la dirishani: je, kipupwe cha Tabora chaweza kupoza kompyuta?

Mwezi Julai, kijana anayechapa barua na kutoa fotokopi kwenye steshenari ya jirani, hapa Tabora, aliniita kaunta. "Shikamoo mwalimu. Hebu tazama hii." Kwenye simu yake kulikuwa na video ya jamaa wa nchi za theluji. Amefungua dirisha kidogo, amechomeka bomba pana la kujikunja, mfano wa mkonga wa tembo. Mdomo mmoja uko nje kwenye theluji, mwingine umebanwa kwenye feni ya kompyuta yake ya mezani. Anacheza gemu zito huku prosesa, ubongo wa kompyuta, ikisoma nyuzi ishirini na kitu.

"Ni kweli au wametuchezea picha? Na mbona haiingii maji?"

Ni kweli. Swali lake la pili ndilo zuri zaidi, maana hata mafundi wengi hulijibu kinyume. Lakini maji tutayafikia; kwanza joto.

Kompyuta ni jiko. Umeme unaoingia kwenye mashine ile, karibu wote, hutoka ukiwa joto. Ikila wati 300, ni sawa na kuwasha hita ndogo ya wati 300 chini ya meza. Tofauti na jiko ni kwamba joto hili huzaliwa mahali padogo mno. Prosesa yenyewe (siyo boksi zima, ambalo mitaani tumezoea kuliita sipiyu) ina kipande cha silikoni cha ukubwa wa ukucha, na hapo ndipo zinapopita wati 65, 100 au zaidi. Ikiachwa uchi, sekunde chache tu inachemka. Ndiyo maana hubandikwa hitisinki, lile pande la alumini au shaba lenye mapezi membamba mengi, ili joto lisambae na hewa ipate pa kuligusa. Katikati hupakwa pesti ya kuziba vinafasi visivyoonekana kwa macho, na juu hukaa feni.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotea: feni haitengenezi baridi. Washa feni ya dari kwenye chumba kisicho na mtu, funga mlango, rudi baada ya saa moja. Chumba hakijapoa hata kidogo. Wewe unapoa chini ya feni kwa sababu una jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Ni siri ileile ya mtungi wa udongo, ambao kiangazi cha huku hutoa maji ya baridi kuliko hewa yenyewe, kwa kuwa maji hupenya udongo na kukauka kwa nje. Prosesa haina jasho wala haivuji. Iwekee feni kumi, haitashuka chini ya joto la hewa inayoipuliza. Feni hupunguza pengo kati ya viwili hivyo, basi.

Kwa hiyo hesabu yake ni ya kujumlisha tu. Chukua prosesa inayotoa wati 65, na hitisinki ya kawaida ambayo kila wati moja huipandisha kama nusu nyuzi. Hapo unapata nyuzi 33 hivi juu ya hewa inayoizunguka. Hewa ya ndani ya boksi nayo ina moto kuliko ya chumbani, tuseme kwa nyuzi 7. Jumla ni 40. Oktoba saa tisa alasiri, kibanda cha bati kisicho na dari kikifika nyuzi 35, prosesa iko 75, na hapo vumbi bado hatujalihesabu. Julai alfajiri, hewa ya dirishani ikiwa nyuzi 15, prosesa ileile na kazi ileile iko 55. Hewa ikishuka nyuzi 20, prosesa nayo hushuka nyuzi 20. Jamaa wa kwenye video hana uchawi. Amebadilisha namba ya kwanza tu.

Nini faida yake? Kasi, mara nyingi, si sana. Prosesa iliyo nyuzi 55 haichapi barua haraka kuliko iliyo nyuzi 75. Faida huonekana pale mashine inapokaribia nyuzi 95 au 100, kwa sababu hapo hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Ule ugonjwa ambao wateja huulalamikia mchana, "inastaki, asubuhi ilikuwa inakimbia", mara nyingi si virusi. Ni joto. Zaidi ya hapo, mashine ikipoa, umeme unaovuja ndani ya chipu hupungua, feni yake hupunguza kelele, na zile kapasita za mviringo kwenye ubao mkuu, vikopo vidogo vya kutunza chaji, hudumu. Mafundi wa elektroniki wana kanuni yao ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza umri wa kapasita mara mbili.

Kuna jambo dogo la kwetu ambalo hulisikii likisemwa. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 12 hivi. Feni huzungusha ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo hewa ya kubeba joto ni pungufu. Kwa hiyo, joto la chumba likiwa sawa kabisa, kompyuta ya Tabora itakuwa na moto kidogo kuliko ndugu yake wa pwani. Dar, bila shaka, hulipizwa kwa chumvi ya bahari inayokula vyuma.

Wenye kompyuta nyingi walishaligundua hili la dirisha zamani. Facebook walifungua kituo cha data, yaani jengo lililojaa kompyuta za mtandao (seva), huko Luleå, kaskazini mwa Uswidi, mwaka 2013, na sehemu kubwa ya upozaji wake ni hewa ya nje tu, iliyochujwa na kusukumwa ndani. Google nao huko Hamina, Ufini, walichukua kiwanda cha zamani cha karatasi na kupoza seva zao kwa maji ya bahari. Nilipomsimulia kijana habari ya Hamina, akadakia, "Basi Kigoma si wana ziwa zima?"

Wanalo, na lina kina cha mita 1,470. Lakini Ziwa Tanganyika lina ajabu yake. Vilindi vya bahari, hata huku kwetu kwenye tropiki, ni vya baridi kali kwa kuwa maji mazito ya huko ncha za dunia hushuka na kutambaa chini mpaka huku. Ziwa halina mgeni wa namna hiyo. Ukishusha kipimajoto toka juu, penye nyuzi 24 hadi 28 kutegemea msimu, mpaka vilindini kabisa, utakuta bado ni 23 na kitu. Hata hivyo maji ya nyuzi 23 si haba kwa kompyuta, maana ujazo uleule wa maji hubeba joto mara elfu tatu na zaidi kuliko hewa. Kazi ni kuyavuta na kuyachuja.

Turudi kwenye maji ya jamaa wa dirishani. Toa soda kwenye friji, iweke mezani. Baada ya dakika mbili chupa imelowa kwa nje. Maji hayo hayakutoka kwenye soda, yametoka kwenye hewa ya chumba, iliyokuwa ya moto na yenye unyevu, ikagusa kitu cha baridi. Ushike huo mpangilio: hewa ya moto, kitu cha baridi. Bomba la dirishani ni kinyume chake, kwani hewa ya baridi inagusa kitu cha moto. Tena hewa ya baridi ni maskini wa mvuke. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 yaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke, ya nyuzi 15 kama 13, na ya nyuzi 20 chini ya sifuri gramu moja tu. Ikiingia kwenye mashine na kupashwa joto, hubaki kavu kiasi kwamba tatizo huwa cheche za umeme tuli.

Hatari ya jamaa yule iko kwingine. Kuta za boksi lake na bomba lenyewe zimepoa, na chumbani mwake kuna joto, watu wanapumua, sufuria inachemka. Chumba cha nyuzi 25 chenye unyevu wa nusu tu kitaanza kutoa matone kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 14. Kwa hiyo bomba linatoa jasho kwa nje, na tone likidondokea soketi ya umeme, kazi imekwisha. Wakati mbaya kuliko wote ni akizima mashine na kuacha bomba wazi: vyuma vya ndani hupoa, halafu hewa ya chumbani inaingia na kulowesha ubao mkuu. Ukiwa na miwani, ukatoka ofisi yenye kiyoyozi kikali kuingia jua la mchana la pwani, unaijua hali hiyo.

Wakubwa nao imewakuta. Mwaka 2011, kwenye kituo cha data cha Facebook cha Prineville, Oregon, Marekani, kinachopoza hewa kwa maji yanayokauka, kama mtungi wetu, mitambo ilisukuma ndani hewa ya moto iliyojaa unyevu. Ikagusa seva zilizokuwa baridi kuliko yenyewe. Ndani ya jengo kukatanda kama wingu, matone yakaingia kwenye pawasaplai, visanduku vya kuzilisha seva umeme, seva zikazima.

Kijana wetu hakungoja theluji. Alikata boksi la karatasi za A4, akalifunga kwa selotepu toka dirishani hadi mbele ya mashine, na mdomoni akaweka soksi ndefu ya nailoni iwe chujio. Wavu wa mbu peke yake hautoshi: mbu anazuiwa, vumbi la Tabora linapita likicheka. Julai hewa ni kavu, usiku unashuka hadi nyuzi 14 au 15, hofu ya matone ni ndogo. Asubuhi ya kwanza programu ya vipimo ilisoma 58 badala ya 73 aliyoizoea. Ila kabla ya kufunga boksi nilimlazimisha afungue mashine, na kwenye mapezi ya hitisinki tukakuta blanketi. Vumbi, nywele, na mjusi aliyekauka siku nyingi. Nina hakika sehemu nzuri ya zile nyuzi 15 zilitoka kwa brashi, si kwa kipupwe. Ukipuliza vumbi, zuia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke. Yakisukumwa na upepo wa bloa huzunguka kuliko uwezo wake na kuharibu beringi.

Mwisho wa Septemba soksi ilikuwa na rangi ya tumbaku. Oktoba ikaja, na mchana nje kukawa na moto kuliko dukani. Sasa bomba lilikuwa linailisha mashine hewa mbaya kuliko iliyokuwa nayo. Nilidhani atalitupa. Alilihamishia nyuma ya mashine, kwenye feni inayotoa hewa, na sasa boksi lilelile linatema joto dirishani badala ya kuliacha lizunguke chini ya kaunta na kuvutwa tena. Hewa ya kuingia anaichukua chini, karibu na sakafu ya saruji.

"Sabini na mbili, mwalimu," aliniambia juzi saa tisa, bila hata kuinua macho kwenye barua ya mteja.