Kukopesheka maana yake nini?

Watu wengi huingia benki na hati ya nyumba mkononi wakiamini hati ndiyo mkopo. Wakikataliwa huumia sana, na ninawaelewa. Lakini benki haiitaki nyumba, inataka marejesho. Dhamana huguswa mambo yakishaharibika, na kupiga mnada nyumba ya mtu kuna mlolongo mrefu. Kukopesheka ni suala lililotangulia hapo: je, huyu anaweza kulipa, na akiweza, atalipa?

Uwezo ni hesabu. Kwa mtumishi wa umma Tanzania, makato hayatakiwi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa 900,000 lazima abakiwe na 300,000. Ikiwa kodi, mfuko wa hifadhi na bima vimeshachukua 200,000, marejesho ya mwezi hayawezi kuvuka 400,000. Hapo mjadala umekwisha.

Mwenye duka hana slipu ya mshahara, kwa hiyo afisa mikopo humfuata dukani. Hushika mche wa sabuni akauliza: katoni umenunua shilingi ngapi, mche unauza ngapi, katoni inakaa siku ngapi? Hufungua daftari la wanaodaiwa. Huuliza kodi ya fremu, ada za watoto, na Januari biashara huwaje. Waombaji wengi hutaja mauzo ya siku kwa kujiamini, kumbe kinachopimwa ni kile kinachosalia baada ya mzigo mpya kununuliwa na nyumbani kula. Akitoka hapo, hupita kwa majirani.

Majirani ndio mlango wa swali la pili, la uaminifu. Siku hizi jibu lake hutafutwa pia kwenye kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo, ambako huonekana mikopo uliyochukua, ulichelewa mara ngapi na unadaiwa nini sasa. Asiyewahi kukopa hana doa, ila hana ushahidi pia. Kwake hutazamwa akiba yake na miamala ya simu. M-Pawa, huduma ya Vodacom ya akiba na mikopo kwa simu iliyoanza 2014, ilikuja na mtindo huo.

Ukimaliza deni, hata lile dogo la kwenye simu, dai barua ya kumaliza mkopo. Kisha omba ripoti yako kwenye hizo kampuni za taarifa za mikopo uhakikishe deni linasomeka limelipwa, maana usipoliona wewe, ataliona afisa wa benki nyingine.