IP yetu imo kwenye orodha ya spamu! Sawa, lakini kwa kosa gani?

Barua pepe imegonga mwamba, imerudi na ujumbe wenye neno Spamhaus (shirika linalotunza orodha za IP, yaani anwani za namba za mashine mtandaoni, ambazo barua zake zinatiliwa shaka), na fundi wa ofisini ameshaapa kwamba seva imedukuliwa. Huenda kweli. Ila kabla hajachomoa waya, asome kwanza jibu lenyewe.

Dhana: Aliyemo kwenye orodha ni mtuma spamu.

Seva inayopokea barua huigeuza IP yako nyuma mbele, kisha huiuliza DNS, daftari la majina ya intaneti. IP 192.0.2.45 huulizwa hivi: 45.2.0.192.zen.spamhaus.org. Kama haimo, DNS husema jina hilo halipo. Kama imo, hurudi namba inayoanza na 127, na tarakimu za mwisho ndizo zinazotaja kesi.

127.0.0.2 ni SBL, yaani orodha ya IP zinazohusishwa na spamu yenyewe. 127.0.0.4 ni orodha ya XBL: kuna mashine iliyoingiliwa, inatuma takataka mwenyewe akiwa hana habari. Kama watu wengi mnatoka kwa IP moja, kompyuta moja yenye kirusi inawaponza nyote, na kuomba kufutwa kabla ya kuisafisha ni kudeki huku bomba linavuja.

Halafu kuna 127.0.0.10 na 127.0.0.11, yaani orodha ya PBL. Hapa ndipo wengi wanalia bure. PBL haidai umetuma chochote kibaya. Inasema tu kwamba IP za aina hii, kama zile za intaneti ya nyumbani, hazitakiwi kupeleka barua moja kwa moja kwenye seva za watu kupitia poti 25, mlango ambao seva hupeana barua. Tena ikiwa ni .10, aliyeiandikisha ni kampuni yako ya intaneti yenyewe! Pitisha barua kwenye seva ya huduma yako ya barua pepe, poti 587, kwa jina na nenosiri, na mambo yaishe.

Dhana: Orodha husoma barua na kuzizuia.

Haizioni kabisa. Inaulizwa IP, inajibu. Anayekataa ni msimamizi wa seva ya mpokeaji. Mwingine akipata jibu lilelile huongeza tu alama za shaka na kuipokea barua.

Dhana: Kutoka ni kwa kulipa.

Spamhaus hawatozi hata senti kukuondoa. Anayekudai pesa kwa jina lao, mkimbie.

Dhana: Kila jibu la 127 ni hatia.

Hili huwanasa hata wataalamu. 127.255.255.254 haimhusu mtumaji hata kidogo. Maana yake swali limepitia DNS ya umma, mfano 8.8.8.8 ya Google, na Spamhaus hawajibu maswali ya njia hiyo. Seva iliyopangwa kukataa barua kwa jibu lolote itamkataa kila mtu, wateja wako na bosi wako wakiwemo, mpaka uielekeze kwenye DNS yako mwenyewe.