Kolsaini sio jina la kujificha

Kuna watu wanadhani ukitumia kolsaini yako ya redio ya ridhaa (call sign, zile herufi na namba anazojitambulisha nazo hewani mtu anayerusha redio kama hobi) kama jina la akaunti mtandaoni basi umejificha, eti herufi na namba tu nani atakujua. Hapana jamani, ni kinyume kabisa. Nickname unajibandika mwenyewe, kolsaini unapewa na mamlaka ya mawasiliano baada ya mtihani na leseni, na iko kwenye rejista. Marekani kwa mfano database ya FCC (mamlaka yao ya mawasiliano) iko wazi kwa yeyote, unaandika ile kolsaini unabonyeza search, linatoka jina kamili na anwani ya posta, ambayo kwa wengi ni nyumbani kwao kabisa (ndio maana wajanja wanaweka sanduku la posta).

Hata bila kusearch inasema mengi. Ikianza na 5H huyo ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, hizo zimegawanywa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano.

Halafu wengine wanasema ni yako milele. Wapi! Leseni ya Marekani ni miaka 10, ikiisha una miaka 2 ya kurenew, ukizembea mwingine anaweza kuiomba na akapewa, wewe umebaki na emaili na akaunti kumi zenye kolsaini ya mtu. Hata W1AW yenyewe, kolsaini maarufu, ilikuwa ya Hiram Percy Maxim, mmoja wa waanzilishi wa ARRL (chama cha redio ya ridhaa cha Marekani), alifariki 1936, leo ni ya stesheni ya chama hicho.

Mi yangu bado naitumia, ila kwa mambo ya redio tu.