Kizazi cha gari si bampa jipya

Jirani yangu amenunua Volkswagen Passat ya mwaka 2011, na tangu ifike kila anayepita getini anaambiwa: "Hii ni B7, kizazi kipya kabisa, zile B6 sahau." Wiki iliyopita nimemsikia kwa mara ya nne. Kubishana naye juu ya ukuta sitaki, kwa hiyo naandika.

Kizazi cha gari ni magari yote ya jina moja yaliyojengwa juu ya msingi mmoja: sakafu, mifupa ya bodi, namna injini ilivyolazwa, mahali magurudumu yanaposhikwa. Msingi ukibadilika, kizazi kimebadilika. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Kinachonikera ni jinsi tulivyolichukua neno zuri tukalivalisha bampa. Kizazi kinatokana na kuzaa, na Kiswahili kimelipa neno hili maana mbili zinazoshikana mikono. Watu waliozaliwa zama moja ni kizazi. Lakini hata tumbo la uzazi lenyewe ni kizazi: mwanamke aliyefanyiwa upasuaji tunasema ametolewa kizazi, na hakuna anayeuliza ni kizazi gani. Kwa hiyo ukisema gari ni kizazi kipya, umesema limetoka kwenye tumbo jingine. Rika ni jambo la miaka tu. Toleo linatokana na kutoa, na kiwanda kinaweza kutoa kitu kilekile mara tano, kila mara kimetoka saluni na nywele tofauti. Lugha imetupa maneno matatu, nasi tumeng'ang'ania moja kwa yote.

Tuingie kwenye Passat yenyewe, maana hapo ndipo Wajerumani nao walipotuchanganya.

Passat ya kwanza, yaani B1, ilitoka mwaka 1973, wakati Volkswagen bado inaishi kwa magari ya injini ya nyuma inayopozwa kwa hewa. Ilihitaji haraka gari la injini ya mbele, la kupozwa kwa maji. Audi, iliyokuwa tayari mikononi mwake, ilikuwa nalo: Audi 80 ya mwaka 1972. Msingi ukachukuliwa, Mwitaliano Giorgetto Giugiaro akachora upande wa nyuma ulioinama, na Passat ikapatikana. Ile herufi B ni ya msingi huo, nafasi ya kati katika familia: A kwa magari madogo kama Golf, B kwa ya kati, C kwa makubwa. Haikuwa ya Passat peke yake. Na Passat yenyewe ni jina la upepo, ule unaovuma mwaka mzima kuelekea ikweta bila kugeuka, tofauti na kaskazi na kusi zetu zinazopokezana. Jina la kitu kisichobadilika, kwa gari ambalo watu hawaachi kulitangazia mabadiliko!

B2 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilifuata njia hiyohiyo ya Audi. Toleo lake la buti, Santana, lilikwenda kutengenezwa Shanghai na likaendelea huko kwa miongo kadhaa baada ya Ujerumani kulisahau.

Mwaka 1988 ikaja B3, na hapa hesabu ndipo ilipovurugika. Volkswagen iliiacha Audi, ikachukua msingi uliokaribiana na wa Golf na kuurefusha. Injini iliyokuwa ikilala kufuata urefu wa gari sasa ikakingama. Pua haikuwa na grili kabisa. Kumbuka Audi 80 iliyotoka mwaka 1986 nayo iliitwa B3, injini yake ikiwa bado imelala kwa urefu. Herufi moja, namba moja, magari mawili yasiyo na udugu. Kuanzia siku hiyo B ya Passat ikawa jina la ukoo kwa mtu aliyekwishahama ukoo.

Mwaka 1993 ikatoka B4. Bati la nje karibu lote lilibadilishwa, grili ikarudi, lakini paa na eneo la vioo vikabaki vilevile, na chini yake ni B3. Ile ilikuwa saluni, tena saluni ya gharama, ila tumbo halikuwa jipya. Hata hivyo ilipewa namba nzima.

Sasa linganisha. B5 ya mwaka 1996 ni kizazi halali bila ubishi: ilirudi kwa Audi, safari hii ikashirikiana na A4, injini ikarudi kulala kwa urefu. Ilipofika mwisho wa mwaka 2000 ikabadilishwa sura, na mwaka uliofuata ikapewa hata injini ya W8, silinda nane za lita 4. Watu wakaiita B5.5. Nusu! B4 kwa bati jipya ikapata namba kamili, na hii pamoja na silinda zake nane ikaambulia nusu. Ukitaka ushahidi kwamba namba si kipimo cha kuzaliwa, ndio huo.

B6 ya mwaka 2005 ikaachana tena na Audi, injini ikakingama tena, msingi ukiwa na undugu na wa Golf ya tano. Mwaka 2010 mjini Paris ikaonyeshwa B7: taa mpya, bati jipya, paa na vioo vya B6. Yaani kilekile kilichofanyika kati ya B3 na B4. B6 na B7 ni ndugu wa tumbo moja. (Passat iliyoanza kutengenezwa Chattanooga, Marekani, mwaka 2011 ni gari jingine, kubwa zaidi, mnaloweza kuliita binamu.) B8 ya mwaka 2014 ndiyo iliyokuja na msingi mpya, ule unaoitwa MQB. B9 ya mwaka 2023 inajengwa Bratislava pamoja na Škoda Superb, ni stesheni wagoni tupu, na msingi wake ni MQB ileile iliyoboreshwa. Mimi naihesabu kizazi kwa sababu bodi yote ni mpya, lakini atakayenipinga sitakasirika.

Namba basi ni tisa na nusu. Matumbo, kwa hesabu yangu, ni saba.

Mtu atasema haya ni maneno ya wenye nafasi. Muulize fundi wako. Binamu yangu alimtuma kijana dukani akalete spea ya "B6", akasahau kutaja gari. Kijana akarudi na ya Audi A4, kwa kuwa A4 nayo ina B6 yake, iliyotoka mwaka 2000. Nauli mara mbili, na muuza duka hakutaka kusikia habari ya kurudisha. Kwa upande mwingine, mwenye B7 anayekataa vitu vya chini vya B6 kwa sababu "ni kizazi cha zamani" anakataa mara nyingi kifaa kilekile. Taa za mbele, hapo sawa, asichukue za B6. Hazitakaa.

Kwa hiyo, jirani, gari lako ni B7, hilo sikunyang'anyi, na kweli taa zake zinapendeza kuliko za kaka yake. Ila getini waambie ni toleo jipya la B6. Kizazi muachie yule wa nyumba ya tatu mwenye B8.