Siku fupi ya Juni nyumbani Njombe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Juni 21, saa 1 kasoro dakika chache asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya miwati. Bibi ameshakoka moto jikoni, viazi vimefukiwa kwenye majivu ya moto, na nyasi za bondeni zimekuwa nyeupe kama zimenyunyiziwa unga. Siku hii, fupi kuliko zote za mwaka hapa kwetu kusini mwa Tanzania, hakuna mwenye haraka. Tunaota moto na kuzungumza, na kila mwaka yanarudi maneno yale yale niliyoyasikia tangu utotoni. Mengi hayana madhara. Moja linaua.

"Siku fupi kuliko zote iko Desemba"

Hili tumelipata kwenye vitabu na televisheni vinavyosimulia Ulaya. Ni kweli kwa walio kaskazini ya ikweta. Sisi tuko kusini, nyuzi 9 na kidogo, kwa hiyo kwetu ni kinyume chake. Hapa Njombe, Juni 21 jua hukaa angani kama saa 11 na dakika 35. Desemba 21 hukaa kama saa 12 na dakika 40. Saa nzima na ushei! Mkazi wa Nairobi, jirani wa ikweta, anaweza kuzeeka bila kuiona tofauti hiyo. Lakini anayekamua ng'ombe huku saa 12 asubuhi anaijua vizuri, kwa sababu Juni anakamua gizani na Desemba anakamua kweupe.

Tarehe yenyewe nayo haikai mahali pamoja. Mwaka 2024 kilele, yaani wakati jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini, kilikuwa Juni 20, saa 5 na dakika 51 usiku. Mwaka 2025 kikawa Juni 21, saa 11 na dakika 42 alfajiri.

"Baridi inakuja kwa sababu jua limekwenda mbali"

Anayesema hivi simcheki, maana ana nusu ya ushahidi mkononi. Mwanzoni mwa Julai dunia huwa kama kilomita milioni 152 kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Januari kama milioni 147. Kipupwe chetu kinaangukia kweli wakati jua liko mbali.

Lakini mtazame mtu wa Edinburgh, kule Uskoti, siku hiyo hiyo. Umbali wake kutoka kwenye jua ni kama wetu, na adhuhuri jua lake liko nyuzi 57 hivi juu ya upeo, sawa kabisa na letu. Tofauti ni kwamba yeye analiona upande wa kusini na sisi upande wa kaskazini. Kwake ndiyo siku ndefu ya mwaka, saa 17 na nusu za mwanga, katikati ya kiangazi. Kama umbali ungekuwa ndio mwamuzi, naye angekuwa anaota moto.

Mwamuzi ni mwinamo wa dunia, nyuzi 23.4. Juni upande wa kaskazini ndio unaolielekea jua, wetu unaligeuzia mgongo. Bibi hajasoma jiografia, lakini kigoda chake kinaijua. Oktoba hukaa popote kwenye kivuli cha nyumba, maana katikati ya mwezi huo jua la saa 6 mchana linapita utosini. Juni anakihamishia kibaraza cha kaskazini, anatandika turubai la maharage pembeni, na jua linamfuata hapo mchana kutwa. Mgongo wa nyumba, kusini, unabaki na ubaridi hadi jioni.

Ongeza mwinuko, kama mita 2,000 juu ya bahari, ongeza upepo wa kusi, ongeza anga kavu la usiku lisilo na wingu, nawe umepata baridi ya Njombe.

"Sakitu inadondoka kutoka juu"

Hapana. Ile nyeupe ya asubuhi, ambayo wengi tunaiita barafu tu, haianguki kama mvua. Usiku usio na mawingu ardhi inapoteza joto lake kwenda angani, majani yanapoa kupita hewa inayoyazunguka, na mvuke unaoyagusa unaganda papo hapo. Mawingu yakiwepo yanafanya kazi ya blanketi, na sakitu mara nyingi haitokei.

Hewa baridi ni nzito, inateremka mteremko kama maji na kutuama bondeni. Ndiyo maana viazi vya kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni, huungua majani huku vya mteremkoni, hatua mia tu juu yake, vikiwa kijani. Ukiona jioni anga ni safi na upepo umetulia, funika miche kwa nyasi kavu kabla hujala.

"Siku fupi ikipita, baridi nayo imekwisha"

Julai ingali mbele, na Julai haina huruma. Hata asubuhi hazijaanza kurudi: jua linazama mapema kuliko siku zote mwishoni mwa Mei, lakini linachelewa kuchomoza zaidi karibu na katikati ya Julai.

"Mkaa uliokolea hauna sumu"

Hapa naomba unisikilize. Watu wanaogopa moshi. Jiko likishakuwa jekundu, moshi umekwisha, wanaliingiza chumbani, wanafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kanga. Lakini makaa hayo mekundu ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Hukohoi, huwashwi macho. Unaweza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, au ukasikia usingizi tu.

Nilikuwa darasa la sita. Tulilala watoto watatu na jiko lilikuwa karibu na mlango. Niliamka usiku kichwa kinagonga kama ngoma, nikajaribu kusimama, miguu ikakataa. Nilitambaa, nikausukuma mlango kwa bega. Mdogo wangu alitapika hadi asubuhi. Tulipona kwa sababu mlango ule haukuwa na komeo.

Usidhani utaamka kwa harufu, harufu haipo. Ukimkuta mtu chumbani na jiko, amelegea, mtoe nje kwenye hewa kwanza, kisha mkimbize hospitali, hata kama amefumbua macho. Na kwa ajili ya joto la usiku, blanketi la pili na chupa ya maji ya moto miguuni vinatosha.

Jua linazama saa 12 na nusu. Tukishakula, bibi hamwachii mtu kazi hii: anashika jiko kwa kitambaa, analitoa hadi uani, anafukia makaa kwa majivu, anarudi akipuliza vidole, ndipo anafunga mlango.