Msitu wa kale haupandwi

Kila ninapozungumzia misitu mbele ya watu, swali la kwanza huwa lile lile: tukifyeka hekta moja ya msitu wa kale kisha tukapanda miche kwenye hekta tano, si tumepata faida? Kwa hesabu ya miti, ndiyo. Kwa hesabu ya msitu, hapana, na sababu iko chini ya nyayo zetu.

Katika England na Wales, msitu huitwa wa kale ikiwa ardhi yake imekuwa na miti mfululizo tangu 1600. Scotland huhesabu tangu 1750. Mwaka 1600 una maana yake. Kabla ya hapo ilikuwa nadra watu kupanda misitu, kwa hiyo uliokuwapo wakati huo yaelekea ulijiotea wenyewe. Kinachopimwa ni umri wa ardhi kukaa chini ya miti, wala si umri wa mti mmoja mmoja. Mti wa miaka 30 waweza kabisa kuwa ndani ya msitu wa kale. Misitu hiyo imebaki kwenye takriban asilimia 2.5 tu ya ardhi yote ya Uingereza.

Udongo hausahau upesi. Utafiti ninaoupenda kuliko yote ulifanywa Ufaransa, katika msitu wa Tronçais, na kuchapishwa 2007. Humo mna magofu ya mashamba ya zama za Warumi, yaliyoachwa na kumezwa na miti karne nyingi zilizopita. Etienne Dambrine na wenzake waliona kwamba kadiri unavyoyakaribia magofu, ndivyo mimea inavyobadilika na fosforasi, kirutubisho cha mimea, inavyoongezeka udongoni. Mbolea na majivu ya wakulima wale bado yanaamua kipi kiote wapi. Ikiwa jembe linaacha alama ya muda mrefu namna hiyo, basi miaka 50 ya kusubiri msitu mpya "ukomae" ni kitambo kidogo mno.

Tena kuna wakazi wasio na haraka. Mbegu za baadhi ya maua ya sakafu ya msitu huburutwa na sisimizi, na mengi ya maua hayo husogea chini ya mita moja kwa mwaka. Shamba likiwatenga na msitu mpya, ni kama bahari. Ndiyo maana nahuzunika kuona udongo wa msitu wa kale ukichotwa na kuhamishiwa kwingine, kama ilivyofanyika kupisha HS2, reli ya mwendo kasi ya England. Afadhali kuhamisha kuliko kuutupa, lakini ulichokihamisha si msitu tena.

Je, tusipande? La, msitu mpya unahitajika sana. Ila mahali pake pa kwanza ni ubavuni mwa ule wa kale, na hapo mara nyingi hata koleo halihitajiki. Kando ya msitu wa kale wa Monks Wood, Cambridgeshire, England, shamba la shayiri la karibu hekta 4 liliachwa bila kuguswa tangu 1961. Vichaka vya miiba vilitangulia. Ndege aitwaye jei, wa jamii ya kunguru, huficha mbegu za mwaloni ardhini ajiwekee akiba, na asizozirudia huota. Miiba ikayakinga machipukizi yasiliwe na sungura na kulungu. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha takriban miti 390 kwa kila hekta, zaidi ya nusu yake mialoni. Hakukuwa na miche ya kununua wala vifuko vya plastiki vya kuikinga. Lakini mbegu zilikuwa jirani. Shamba lililo mbali na msitu wowote halitakwenda hivyo, na huko lazima tupande.

Ningeambiwa nichague kazi moja tu, ningekwenda kwenye misitu ya kale iliyofyekwa karne ya 20 na kujazwa misonobari ya mbao. Chini ya kivuli kile bado hujificha mabaki: maua machache kandokando ya njia, kisiki kikongwe, kuvu waliosalia mizizini. Misonobari hiyo isikatwe yote kwa mpigo, kwani mwanga wa ghafla huleta magugu yanayoyasonga mabaki hayo. Ipunguzwe kidogo kidogo kwa miaka mingi, ukianzia pale penye dalili ya uhai wa zamani.