Kijana asiyeamka alfajiri si lazima awe mvivu

Mitaani Mombasa, kijana asiyesikia adhana ya alfajiri huitwa mvivu, na dawa yake inajulikana: amwagiwe maji. Imani hii ya tangu zamani inawaonea watoto wetu. Ubongo una saa yake, na wanasayansi watatu wa Marekani walioeleza inavyoendeshwa na jeni walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Mtoto akibalehe, saa hiyo huchelewa. Usingizi humjia usiku mkubwa, ilhali bado anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Huo si ukaidi. Maji yatamwamsha, ndiyo, ila hayatamlaza mapema usiku.

Kinachoirekebisha saa hiyo hasa ni mwanga, nasi tumejaliwa: hapa jua huchomoza kati ya saa 11:55 alfajiri na saa 12:35 asubuhi mwaka mzima. Asubuhi lifungue pazia zito la chumbani mwake, kisha mtoe anywe chai na mahamri barazani. Usiku taa zipunguzwe, simu ikae mbali na kitanda. Jumamosi asilale hadi adhuhuri, maana saa itarudi ilikokuwa na Jumatatu mtaanza upya.